Albamu Ile Ile, Masikio Mengine: Paul McCartney Baada ya The Beatles

Mwezi Julai 1971 jarida la Rolling Stone la Marekani lilichapisha uhakiki wa Jon Landau kuhusu Ram, albamu ya pili ya Paul McCartney tangu aachane na The Beatles. Landau alikuwa miongoni mwa wahakiki wa rock walioheshimika sana wakati huo, na hukumu yake ilikuwa kali: Ram, alisema, ndiyo hatua ya chini kabisa katika kuoza kwa rock ya miaka ya sitini. Miaka 41 baadaye, mwaka 2012, albamu hiyo ilitolewa upya, nyimbo zake 12 zikiwa zilezile, na wahakiki wa kizazi kingine wakaipokea kwa shangwe. Wapo walioiita kazi bora kuliko zote alizofanya nje ya bendi. Mwaka 2020 Rolling Stone lenyewe lilipopanga upya orodha yake ya albamu 500 bora za nyakati zote, Ram ilikuwamo. Kusahaulika na kukumbukwa tena ni jambo la kawaida kwa wasanii. Lakini hii ni kazi iliyonunuliwa na watu wengi mno, ikasikilizwa na wenye ujuzi, ikakataliwa kwa sababu zilizotajwa waziwazi, kisha ikakubaliwa kwa sababu zinazokaribia kuwa zilezile. Jambo kama hilo linadai maelezo.

Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba muda huponya, au kwamba dunia imemwonea huruma mzee aliyezaliwa Juni 1942 na ambaye bado anapanda jukwaani. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanakwepa kiini. Hoja yangu ni kwamba wasikilizaji wa mwanzo hawakuisikiliza Ram kama muziki. Waliisikiliza kwanza kama ushahidi wa mtuhumiwa katika kesi ya kuvunjika kwa bendi waliyoipenda, kisha wakaipima kwa kipimo cha uzito kilichotengenezwa na mtu mwingine kwa ajili ya muziki wa namna nyingine. Kesi ilipochakaa na kipimo kilipopoteza nguvu, yale yaliyoonekana udhaifu yakaanza kuonekana kuwa ni uamuzi wa msanii. Hilo halimaanishi kwamba kila alichotoa ni kizuri, na nitalirudia jambo hilo, kwa sababu upepo wa sifa unaovuma sasa una makosa yake pia.

Tuanze na kesi. Tarehe 10 Aprili 1970 gazeti la Daily Mirror la London lilitangaza kwamba Paul anaiacha The Beatles. Siku saba baadaye ikatoka albamu yake ya kwanza, McCartney, aliyoirekodi kwa sehemu kubwa nyumbani kwake London, akipiga kila chombo mwenyewe, huku mkewe Linda akimwitikia. Nakala zilizopelekwa kwa waandishi ziliambatana na karatasi ya maswali na majibu ambamo Paul hakutamka moja kwa moja kwamba bendi imekufa, ila alisema hana mpango wa kutunga tena na John Lennon na akazitaja tofauti za kibinafsi, za kibiashara na za kimuziki. Umma haukujua kwamba Lennon alikuwa amewaambia wenzake tangu Septemba 1969 kwamba yeye anatoka, na kwamba siri hiyo ilitunzwa kwa sababu za mikataba. Aliyetangulia kuondoka alinyamaza. Aliyesema akabeba lawama. Halafu, tarehe 31 Desemba 1970, Paul akafungua shauri katika Mahakama Kuu ya London kutaka ubia wa The Beatles uvunjwe, washtakiwa wakiwa marafiki zake watatu. Alikuwa na sababu: wenzake walikuwa wamejikabidhi kwa Allen Klein, meneja aliyemwona hafai kuaminiwa, na mwanasheria wake alimweleza kwamba njia ya kujinasua ni kuushtaki ubia wenyewe. Machi 1971 jaji akamkubalia ombi lake kwa kumteua msimamizi wa mali. Miezi miwili baadaye ikatoka Ram.

Mpangilio huo wa tarehe una uzito wake. Mpenzi wa The Beatles aliyeiweka santuri ya Ram kwenye gramafoni mwezi Mei 1971 alikuwa ametoka kusoma habari za mahakamani. Alitaka kujua mtu huyu anasema nini kujitetea. Badala ya utetezi akakuta wimbo wa kupigwa kwa ukulele, wimbo wa mapenzi ya kula nyumbani, wimbo wa kuhamia shamba, na kichekesho cha vipande vipande kuhusu mjomba na admirali. Kwa mtu aliyekuja kusikiliza utetezi, huo ulikuwa ni utovu wa adabu. Na pale ambapo Paul aligusa ugomvi wenyewe, kama katika Too Many People, alifanya hivyo kwa vijembe vya pembeni, kiasi kwamba Lennon ndiye aliyevisikia vizuri kuliko wote na akajibu mwaka huohuo kwa How Do You Sleep?, wimbo wa matusi ya wazi ambamo George Harrison alipiga gitaa. Jambo linalonigusa katika habari hii ni kwamba historia ilimhesabia Lennon ukatili ule kuwa ni ukweli wa moyo, na vijembe vya Paul vikahesabiwa kuwa ni unafiki. Kuhusu Klein, miaka ilimthibitisha Paul: mwaka 1973 wale watatu waliachana na meneja huyo, wakaishia kushtakiana naye, na Lennon alikiri hadharani kwamba huenda shaka za Paul zilikuwa sahihi. Lakini ukweli huo ulifika baada ya uhakiki kuwa umekwisha kuandikwa.

Kesi peke yake isingetosha kuizamisha albamu nzuri. Kilichoongeza uzito ni kipimo. Novemba 1970 George Harrison, aliyebanwa kwa miaka na watunzi wawili wakubwa wa bendi, alitoa All Things Must Pass, albamu ya santuri tatu iliyojaa sala na tafakuri. Desemba akafuata Lennon na John Lennon/Plastic Ono Band, kazi kavu, ya vyombo vichache, ambamo mtu mzima anamlilia mama yake na kuzikana imani zake moja baada ya nyingine. Ni albamu kubwa, na siandiki ili kuipunguza. Ila ilikuja na tafsiri yake: mwezi huohuo Lennon alifanya mahojiano marefu na Jann Wenner, mwanzilishi wa Rolling Stone, yakachapishwa mwanzoni mwa 1971, na humo akaipa dunia namna ya kuielewa The Beatles. Msanii wa kweli ni yule anayejichuna ngozi hadharani. Mengine ni mapambo. Albamu ya kwanza ya Paul aliitupilia mbali kuwa ni takataka. Kwa muda mrefu baada ya hapo, wahakiki wa rock, wengi wao vijana wa kiume waliotaka muziki wao uheshimiwe kama fasihi inavyoheshimiwa, walitumia kipimo hicho bila kuuliza kimetoka kwa nani. Kilikuwa kimetoka kwa upande mmoja wa ugomvi.

Sasa tuisikilize Ram bila kipimo hicho. Ilirekodiwa kwa sehemu kubwa New York, Denny Seiwell akiwa kwenye ngoma, David Spinozza na Hugh McCracken kwenye magitaa, na katika baadhi ya nyimbo wanamuziki wa New York Philharmonic. Hii si kazi ya mtu aliyelala usingizi. Katika Dear Boy sauti za Paul na Linda zimepangwa tabaka juu ya tabaka, zikipishana na kukimbizana, hadi wimbo wa muda usiofika dakika tatu unaonekana mnene kuliko urefu wake. Katika Monkberry Moon Delight Paul anaiharibu sauti yake kwa makusudi, anakoroma na kubweka, na maneno hayana maana yoyote inayoweza kufafanuliwa. Kinachobeba wimbo ni mdundo wa kinanda na ukali wa koo. Uncle Albert/Admiral Halsey inaunganisha vipande kadhaa ambavyo havina haki ya kukaa pamoja, na vinakaa. The Back Seat of My Car inajengwa polepole kuanzia mnong'ono wa piano hadi okestra nzima, na mada yake ni vijana wawili ndani ya gari wakimkaidi baba wa binti. Landau na wenzake walisikia vipande, upuuzi na mada ndogo. Walisikia sawasawa. Vipande vipo, upuuzi upo, mada ni ndogo. Walichokosa kukiona ni kwamba haya yamefanywa kwa ufundi ambao mtu hafikii kwa uvivu. Nyumba, chakula, mke, kondoo, gari: hiyo ndiyo iliyokuwa mada ya mtu ambaye, baada ya bendi kuvunjika, alijificha kwenye shamba lake la Kintyre, Uskoti, akiwa amezama katika huzuni na pombe, na ambaye Linda ndiye aliyemwinua. Kwa Lennon kupona kulihitaji kelele. Kwa Paul kulihitaji jiko na watoto. Sioni kwa nini la kwanza liwe sanaa na la pili liwe kukimbia.

Hapa linaibuka pingamizi la haki. Msomaji atasema: unazungumzia kukataliwa gani, wakati watu walinunua? Ni kweli. Ram ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na ya pili Marekani, na Uncle Albert/Admiral Halsey ikawa wimbo namba moja Marekani. Katika miaka yote ya sabini Paul hakuwahi kukosa wanunuzi. Mull of Kintyre, kibao chake cha mwaka 1977 chenye zumari za Kiskoti, kilikuwa santuri ya kwanza ya wimbo mmoja kuvuka nakala milioni mbili nchini Uingereza. Lakini pingamizi hili linaimarisha hoja badala ya kuiangusha. Mauzo hayakuwa na nguvu ya kubadili hukumu ya wenye kalamu. Yalichukuliwa kuwa ushahidi mwingine wa wepesi wake. Na mauzo yana muda. Anayenunua santuri kwa sababu mwimbaji wake alikuwa Beatle hawezi kuilinda santuri hiyo baada ya miaka 20. Kinachoamua kama kijana asiyekuwa amezaliwa ataisikiliza ni kile kinachoandikwa, kinachofundishwa, kinachorudiwa na wanamuziki wenyewe katika mazungumzo yao. Humo ndimo Paul alikuwa hayumo. Hata wenzake walijitenga: Ringo Starr, mtu asiyependa ugomvi, aliliambia gazeti la Melody Maker mwaka 1971 kwamba haoni hata wimbo mmoja wenye melodia katika Ram. Kwa albamu inayofurika melodia kiasi kile, kauli hiyo inatueleza zaidi kuhusu mwaka 1971 kuliko kuhusu albamu.

Mfano unaoonyesha kipimo kikifanya kazi kwa uwazi kuliko wote ni Band on the Run, na kisa chake kilitokea Afrika. Agosti 1973 Paul aliamua kurekodi albamu ya tatu ya bendi yake mpya, Wings, katika studio ya EMI iliyoko Apapa, Lagos. Siku chache kabla ya safari mpiga gitaa Henry McCullough akajiuzulu, na usiku wa kuamkia safari mpiga ngoma Denny Seiwell naye akaacha. Wakaenda watatu tu: Paul, Linda na Denny Laine. Studio ilikuwa haijakamilika vizuri. Usiku mmoja Paul na Linda, waliokuwa wameonywa wasitembee kwa miguu, walivamiwa na vijana wenye visu wakaporwa mali zao pamoja na kanda za majaribio za nyimbo, hivyo ikabidi Paul azijenge kwa kumbukumbu. Kisha akaja Fela Kuti, mwanamuziki mashuhuri wa Nigeria. Fela alitangaza kwamba Mwingereza huyu amekuja kuiba muziki wa Waafrika, na ilibidi Paul amkaribishe studio amsikilizishe kanda ili kuthibitisha kwamba hakuna kilichochukuliwa. Shaka ya Fela ilikuwa na msingi mpana kuliko McCartney. Wanamuziki wa Afrika walikuwa wameona mengi yakichukuliwa bila jina wala malipo. Lakini katika albamu hii alikuwa sahihi kumwachia. Band on the Run haina Lagos ndani yake. Paul mwenyewe amesimulia kwamba alipokwenda kumsikiliza Fela kwenye klabu yake alilia kwa uzito wa muziki ule, na bado hakujaribu kuuiga. Alipiga ngoma mwenyewe, akapiga besi na magitaa, na akarudi London na albamu ya Kiingereza kabisa.

Albamu ilitoka Desemba 1973, na mwanzoni mwa 1974 Jon Landau, yule yule, akaandika kwamba ukiondoa labda Plastic Ono Band ya Lennon, hii ndiyo kazi bora kuliko zote zilizotolewa na yeyote kati ya wanne wale. Wengi huitaja hadithi hii kama ushindi wa Paul, na kwa namna fulani ni ushindi. Ila tazama kilichosifiwa: wimbo wenye sehemu tatu zilizounganishwa kama upande wa pili wa Abbey Road, albamu ya The Beatles, utayarishaji mpana, dhana ya kutoroka kifungoni inayorudi mwanzo na mwisho, hali ya tukio kubwa. Albamu ilisifiwa kwa kadiri ilivyofanana na The Beatles, na mfano wa kulinganishwa nao ukabaki kuwa Lennon. Kipimo hakikuguswa, safari hii Paul alikifikia. Ndiyo maana sifa za 1974 hazikuinua Ram hata kidogo. Ram ilisubiri wasikilizaji ambao wangeipenda kwa kutofanana kwake na The Beatles, na hao hawakuwapo bado.

Yaliyofuata yalizidisha mambo. Mwaka 1976 Paul aliwajibu wakosoaji wake kwa Silly Love Songs, wimbo unaotetea haki ya kuimba mapenzi mepesi, wenye mstari wa besi ulio miongoni mwa mistari bora aliyopiga maishani. Uliongoza chati za Marekani na ukawapa wakosoaji silaha mpya. Kisha tarehe 8 Desemba 1980 Lennon akauawa kwa risasi New York. Paul, aliyenaswa na kamera akitoka studio siku iliyofuata, alijibu kwa maneno machache yaliyosikika kama ya baridi, ya mtu aliyeduwaa, na yakamwandama kwa miaka. Mwaka 1981 kikatoka kitabu cha Philip Norman, Shout!, kilichosomwa mno, na mwandishi huyo alisema kwamba Lennon alikuwa robo tatu ya The Beatles. Aliyekufa akiwa na miaka 40 hatoi tena albamu mbaya. Aliye hai alitoa kadhaa, akatengeneza filamu ya Give My Regards to Broad Street mwaka 1984 iliyoanguka vibaya, na mwaka huohuo akaimba na kwaya ya vyura wa katuni. Kwa mtu aliyetaka kuamini kwamba mmoja alikuwa msanii na mwingine mburudishaji, miaka ya themanini ilitoa ushahidi kila mwaka.

Kilichobadilisha masikio, kwa maoni yangu, kilitoka kwa wanamuziki kabla ya waandishi. Kuanzia miaka ya tisini na kuendelea, watu wengi zaidi walianza kurekodi vyumbani mwao, kwanza kwa mashine ndogo za kanda, baadaye kwa kompyuta. Kwao albamu ya mtu mmoja anayepiga kila kitu, inayoacha mlio wa mlango na kicheko ndani ya kanda, haikuwa kazi isiyokamilika. Ilikuwa ni namna yao ya kufanya kazi. McCartney ya mwaka 1970, iliyodharauliwa kwa kuonekana kama majaribio ya nyumbani, ikawa ni ya mtu aliyewatangulia. Jambo kama hilo liliipata McCartney II ya mwaka 1980, aliyoirekodi peke yake kwa sintesaiza wakati Wings ikifika ukingoni. Lennon mwenyewe, katika mwaka wake wa mwisho, aliusifu wimbo wa Coming Up. Lakini Temporary Secretary, pamoja na mlio wake wa kujirudia kama mashine iliyokwama, ulichekwa kwa miaka mingi, mpaka ma-DJ na wasanii wa muziki wa kielektroniki walipoupiga kwenye klabu na kuukuta mpya. Mwaka 2015 Paul, ambaye hakuwahi kuupiga jukwaani, aliupiga London mbele ya umati mkubwa. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Alikuwa amesikia kwamba masikio yamefika.

Ndipo tunapoweza kulijibu pingamizi la huruma na mazoea ya kumsifu mzee. Kama mabadiliko haya yangekuwa ni hamu ya zamani tu, yangezikumbatia zile nyimbo ambazo umati uliwahi kuzipenda. Hamu ya zamani hurudia vibao. Lakini waliobadili hukumu wameziacha Mull of Kintyre na Ebony and Ivory zilipo, wakaenda kuchimba albamu ambazo hazikupendwa zilipotoka, hasa Ram na McCartney II. Huo ni uteuzi wa masikio yenye haja yake. Tena ulitangulia matukio ambayo mara nyingi hutajwa kuwa chanzo. Filamu ya Peter Jackson, Get Back, ya karibu saa nane, ilitoka Novemba 2021 na kumwonyesha Paul wa Januari 1969 akiukuna wimbo kutoka kwenye nyuzi za besi huku George na Ringo wakimtazama, mpaka unazaliwa mbele ya macho yetu. Ilisaidia sana kumwondolea sifa ya dikteta aliyeua bendi. Lakini wahakiki walikuwa wamekwisha kuikubali Ram miaka tisa kabla yake. Hata Philip Norman alikuwa amekwisha kurudi nyuma: mwaka 2016 alitoa wasifu mkubwa wa McCartney ambamo alikiri kwamba zamani alimpendelea Lennon.

Pingamizi zito zaidi ni lingine. Linasema: acha kesi, acha kipimo, Paul bila Lennon alikosa mtu wa kumwambia hapana, na hilo linasikika. Nakubali kwa kiasi kikubwa. Maneno ya nyimbo zake ndiyo mahali pa wazi zaidi. Mara kwa mara anaridhika na mstari wa kwanza uliomjia kwa sababu unaimbika vizuri, na melodia inalazimika kubeba shairi ambalo halikumalizwa. Ushahidi kwamba alihitaji mpinzani umo katika kazi zake mwenyewe. Alipotunga na mwimbaji na mtunzi Elvis Costello kwa ajili ya Flowers in the Dirt ya mwaka 1989, maneno yalikaza. Mwaka 2005 Nigel Godrich, mtayarishaji wake katika Chaos and Creation in the Backyard, aliiweka kando bendi ya ziara ya Paul na kuzikataa baadhi ya nyimbo zake usoni pake. Paul alikasirika, na matokeo yake ni albamu yake iliyo makini kuliko nyingi za miongo iliyotangulia. Ila hoja hii ina upande wa pili unaosahaulika. Lennon naye alikosa mtu wa kumwambia hapana, na Some Time in New York City ya mwaka 1972, iliyojaa nyimbo za siasa za magazeti, ilipondwa na wahakiki haohao. Kila mmoja alipoteza sikio la mwenzake. Ajabu ni kwamba upungufu wa Lennon ulihesabiwa kuwa ajali ya albamu moja, na wa Paul ukafanywa kuwa tabia yake.

Kukubali hayo kunanilazimu kusema kitu kuhusu sifa za siku hizi. Ipo sasa tabia ya kukichukua kila alichokikosa umma na kukitangaza kuwa hazina. Wild Life, albamu ya kwanza ya Wings ya Desemba 1971, ilirekodiwa haraka mno, na haraka hiyo inasikika kama uchovu. Kuiita ya kimapinduzi ni kuipa nia ambayo haikuwa nayo. Red Rose Speedway ya 1973 ina melodia nzuri zilizoachwa nusu njia. Press to Play ya 1986 inakimbizana na milio ya wakati wake na haifiki. Anayezisifu hizi kwa pumzi ileile anayoisifia Ram anamfanyia Paul dhuluma, kwa sababu anarudia kosa la 1971 kwa kulipindua: anamhukumu mtu na kuziacha nyimbo. Zamani jina lilitosha kuilaani kazi. Jina lisitoshe leo kuitakasa. Thamani ya mapinduzi haya ya maoni iko katika kutusikilizisha wimbo mmoja mmoja, na anayesikiliza hivyo atakuta Wings wana nyimbo tano au sita kubwa ndani ya albamu za kawaida, na pia atakuta albamu chache, Ram ikiwa mbele, ambazo hazina cha kuombewa radhi.

Sehemu moja ya kesi hii bado haijamalizwa, nayo ni ya Linda. Ram ndiyo albamu pekee iliyotoka kwa jina la Paul na Linda McCartney, wawili kwa usawa. Wakati ule jambo hilo lilichukuliwa kuwa ni upofu wa mume, na kwa wamiliki wa haki za utunzi lilikuwa ni hila. Walifungua shauri wakidai kwamba mke huyu hawezi kuwa mtunzi, kwa kuwa nusu ya mapato ya nyimbo ilikuwa ikienda kwake. Jukwaani alichekwa kwa kupiga kinanda kwa vidole vya mwanafunzi. Hakuwa mwanamuziki aliyesomea. Alikuwa mpigapicha mwenye jina lake mwenyewe, mwanamke wa kwanza kupata picha ya jalada la Rolling Stone, mwaka 1968. Wanaoisifu Ram leo husifu sana mpangilio wa sauti zake, ule wepesi wa watu wawili wanaoimba wakiwa karibu, bila ulaini wa waitikiaji wa kulipwa. Husifu hilo kisha wakamtaja Paul peke yake. Ondoa sauti ya Linda katika Dear Boy, Long Haired Lady au Uncle Albert/Admiral Halsey, weka mahali pake mwitikiaji stadi wa New York, na utapata albamu safi zaidi isiyokuwa Ram. Alifariki Aprili 1998, kabla ya wimbi hili. Kama tunasema kwa dhati kwamba ubora wa albamu hii umo katika unyumba wake, basi nusu ya pili ya unyumba huo inadai uhakiki wake, wimbo kwa wimbo, kwa umakini uleule ambao wahakiki wamekwisha kuutoa kwa besi ya mumewe.